Kuzilinda antibayotiki wakati wa janga la virusi: mwongozo wa kutumia jenomiki hospitalini na maabarani

Antibayotiki haiui virusi. Kila mwenye mamlaka ya kuandika cheti cha dawa analijua hilo, lakini katika miaka ya UVIKO-19 ujuzi huo ulizidiwa na hofu, uchache wa vipimo na wingi wa wagonjwa waliokuwa wakihema kwa shida mbele ya daktari mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikusanya taarifa za wagonjwa wapatao 450,000 waliolazwa katika nchi 65 kati ya Januari 2020 na Machi 2023, na likaona kwamba karibu asilimia 75 yao walipewa antibayotiki, ilhali waliokuwa na maambukizi ya bakteria yanayohitaji dawa hizo walikuwa asilimia 8 tu. Kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi au za wastani, kanda ya Afrika ndiyo iliyoongoza kwa matumizi hayo, kwa asilimia 79. Nchini Marekani, ambako takwimu za hospitali hukusanywa kwa ukaribu zaidi, maambukizi ya vimelea sugu yaliyoanzia hospitalini na vifo vilivyotokana nayo viliongezeka kwa angalau asilimia 15 kati ya 2019 na 2020, na maambukizi ya bakteria aitwaye Acinetobacter asiyesikia antibayotiki zenye nguvu za kundi la kabapenemu yakapanda kwa asilimia 78.

Hata kabla ya janga hilo hali ilikuwa mbaya. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa, ambao nchini Tanzania umezoeleka kwa jina la UVIDA, ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani na kuchangia vifo milioni 4.95 kwa ujumla.

Janga hilohilo, hata hivyo, liliziachia nchi zetu mashine za kusoma jenomu, yaani maelezo yote ya kurithi ya kirusi au bakteria, na vijana wanaojua kuzitumia. Kilifi, Nairobi, Entebbe, Dar es Salaam, Kinshasa na Goma kuna maabara ambazo zilisoma jenomu za virusi vya Korona, na baadhi yake zimeendelea kusoma za mpoksi na Ebola. Mwaka 2020 Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ilianzisha mpango wa bara zima wa kuimarisha kazi hiyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifanya mashine hizo zilinde pia antibayotiki wakati janga lingine la virusi litakapotukuta. Umeandikwa kwa ajili ya maabara za hospitali za rufaa, kamati za dawa na tiba, na timu za kukinga na kudhibiti maambukizi, ambazo mara nyingi hufanya kazi kila moja peke yake ilhali kazi hii inazihitaji zote tatu pamoja.

Hatua ya 1: Amueni swali kabla ya kuwasha mashine

Jenomiki, yaani kazi ya kusoma na kuchambua jenomu, hujibu vizuri maswali machache. La kwanza ni hili: bakteria wanaoota kutoka kwa wagonjwa wetu wana jeni gani za usugu, na kwa hiyo ni dawa zipi ambazo bado zina nguvu katika hospitali hii? La pili: je, wagonjwa hawa wanaambukizana wodini, au kila mmoja amekuja na kimelea chake kutoka kwingine? La tatu linahusu virusi vyenyewe: ni aina ipi inayozunguka, na je, inabadilika kiasi cha kuvifanya vipimo vyetu vishindwe kuitambua? Swali hili la tatu linagusa antibayotiki moja kwa moja, kwa sababu daktari asiyekiamini kipimo cha virusi huandika antibayotiki ili awe na uhakika.

Kuna swali ambalo mashine ya jenomu hailijibu kwa wakati, nalo ndilo watu wengi hutarajia ilijibu: mgonjwa huyu aliyelazwa usiku wa leo apewe nini? Hesabuni muda kwa uaminifu. Kuotesha kimelea huchukua siku moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi kwa damu. Kutoa DNA na kuiandaa huchukua siku nzima ya kazi. Kuisoma huchukua saa kadhaa hadi siku mbili kutegemea mashine, na uchambuzi huongeza saa nyingine. Jibu la jenomu litafika siku ya nne au ya tano tangu sampuli ichukuliwe, iwapo umeme haukukatika na vitendanishi vipo. Kufikia hapo, uamuzi wa usiku wa kwanza umeshafanyika kwa mwongozo wa tiba uliopo. Kwa hiyo mwelekezeni kila mtu tangu mwanzo kwamba jenomiki inausahihisha mwongozo wa tiba na mwenendo wa wodi. Faida yake kwa mgonjwa mmoja mmoja hupitia huko.

Katika wiki za kwanza za janga jipya kuna takwimu moja ambayo lazima itafutwe mapema: ni wagonjwa wangapi kati ya mia wanaofika wakiwa na bakteria pamoja na virusi. Takwimu hii haifanani katika kila janga. Katika homa ya mafua ya mwaka 1918, wataalamu waliopitia upya taarifa na vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa walikubaliana kwamba vifo vingi vilitokana na nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya virusi. Katika UVIKO-19 mambo yalikuwa kinyume: wachache walifika na bakteria, na waliopata bakteria wengi waliwapatia hospitalini, hasa waliowekewa mashine za kupumulia. Hospitali itakayochukua mazoea ya janga lililopita na kuyatumia katika janga jipya bila kupima inaweza kukosea kwa upande wowote kati ya hizo mbili, na kosa la upande mmoja huua wagonjwa leo huku la upande mwingine likiua wa kesho.

Hatua ya 2: Uoteshaji wa vimelea usisimame

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote. Janga linapoanza, wataalamu wa maabara huhamishiwa kwenye vipimo vya virusi vya PCR, kabati la usalama wa kibaiolojia hupewa kazi ya virusi peke yake, na sampuli za makohozi hukataliwa kwa hofu ya maambukizi. Meza ya kuotesha bakteria hubaki tupu. Matokeo yake ni kwamba wakati antibayotiki zinatumika kuliko wakati mwingine wowote, hospitali haina kimelea hata kimoja cha kuchunguza. Kwa njia ya kawaida jenomu haisomwi bila kimelea kilichohifadhiwa, na friza tupu haijazwi baada ya wimbi kupita.

Wekeni basi maandishini, kabla ya janga, kwamba angalau mtaalamu mmoja wa bakteriolojia haondolewi kwenye meza yake. Chukueni sampuli ya damu kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, katika chupa mbili kutoka sehemu mbili za mwili inapowezekana, kwa sababu bakteria wa ngozi wakiota katika chupa moja tu ni rahisi kuwatambua kuwa ni uchafu. Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, pendeleeni majimaji yaliyovutwa kutoka ndani ya koo la hewa badala ya mate yaliyokusanyika mdomoni, na yapokeeni kwa taratibu za usalama zilezile zinazotumika kwa sampuli za virusi. Sampuli yenye mate matupu inapaswa kukataliwa kwa heshima na kuombwa upya, kwa sababu kila kitakachoota humo kitamsukuma daktari kuandika dawa isiyohitajika.

Kila kimelea chenye maana kihifadhiwe katika vijichupa viwili vyenye mchuzi wa kuoteshea uliochanganywa na gliseroli, kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Daftari la friza liwe na namba ya maabara, tarehe, wodi, aina ya sampuli, spishi, matokeo ya usikivu wa dawa (yaani dawa zipi zinakiua kimelea), na kama mgonjwa alikuwa na virusi. Jina la mgonjwa lisiwemo. Umeme wa friza hiyo uwe na chanzo cha akiba kilichojaribiwa, kwa sababu vimelea vya mwaka mzima vinaweza kupotea katika wikiendi moja.

Hatua ya 3: Msitafute bakteria katika mabaki ya kazi ya virusi

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa sampuli ya pua imeshasomwa kwa ajili ya virusi, basi taarifa za bakteria zimo humohumo na kinachohitajika ni programu ya kuzitafuta. Kwa kawaida hazimo. Njia iliyotumika zaidi kusoma virusi vya Korona ilitegemea kwanza kuzidisha vipande vya virusi hivyo pekee kwa kutumia vianzishi, yaani vipande vifupi vya DNA, vilivyobuniwa kwa ajili yake, kisha kusoma kilichozidishwa. Bakteria waliokuwemo hawakuzidishwa na karibu hawaonekani kabisa. Isitoshe, sampuli ya pua haitoi picha ya kinachoendelea ndani ya mapafu.

Hata utoaji wa DNA ni tofauti. Kitendanishi kinachofungua ganda la virusi hakitoshi kwa bakteria wenye ukuta mnene kama Staphylococcus aureus, ambao huhitaji vimeng'enya vya kuvunja ukuta au kutikiswa pamoja na shanga ndogo. Mtakapokuwa mkiagiza vitendanishi vya janga, agizeni na hivi katika oda hiyohiyo. Baada ya viwanja vya ndege kufungwa hamtavipata.

Hatua ya 4: Chagueni vimelea vya kusoma kwa kanuni iliyoandikwa

Hakuna hospitali ya kanda yetu inayoweza kusoma jenomu ya kila kimelea, wala haihitajiki. Lakini kuchagua kwa macho ya siku hiyo huleta picha ya uongo. Maabara ikisoma tu vimelea vilivyoshinda kila dawa, kamati ya dawa itaamini kwamba hospitali nzima imeoza, na itapandisha dawa za akiba kuwa dawa za kwanza. Huo ni usugu unaozalishwa na takwimu.

Gawanyeni nafasi zenu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la ufuatiliaji: kwa mfano, kimelea cha kwanza kwa kila mgonjwa kutoka kwenye damu, kila cha tano kinachoandikishwa, bila kujali ni sugu au si sugu. Fungu la pili ni la dharura: Klebsiella pneumoniae, Acinetobacter baumannii, Escherichia coli au Pseudomonas aeruginosa isiyosikia meropenemu (mojawapo ya kabapenemu), Staphylococcus aureus isiyosikia methisilini inapojitokeza kwa wagonjwa wawili au zaidi wa wodi moja, na kimelea chochote kinachoongezeka ghafla kuliko kawaida ya miezi iliyopita. Matokeo ya mafungu haya yaandikwe kando kando na yasijumlishwe kamwe kupata asilimia moja.

Kama idadi yenu ni ndogo sana, fungu la dharura lipewe nafasi nyingi zaidi wakati wimbi likiwa juu, na lile la ufuatiliaji lirudishwe wimbi likishuka.

Hatua ya 5: Panga kazi ya mashine kwa hesabu ya bakteria

Maabara iliyozoea virusi inapaswa kubadili hesabu zake. Jenomu ya virusi vya Korona ina herufi, yaani viungo vidogo vinavyounda msimbo wa kurithi, takriban 30,000. Jenomu ya Klebsiella ina herufi takriban milioni 5.5, yaani mara 180 hivi zaidi. Staphylococcus aureus ina milioni 2.8, na Acinetobacter karibu milioni 4. Sahani ya virusi 96 iliyokuwa ikitosha mkupuo mmoja (mzunguko mmoja wa mashine) haiwezi kubadilishwa kuwa bakteria 96 katika mkupuo huohuo.

Fanyeni hesabu hii kila mara: idadi ya vimelea, mara ukubwa wa jenomu, mara idadi ya kurudia kusoma kila herufi. Vimelea 24 vya Klebsiella vikisomwa mara 50 kila kimoja vinahitaji herufi bilioni 6.6 zilizo safi. Linganisheni na uwezo halisi wa mashine yenu kama inavyofanya kazi katika chumba chenu chenye joto lenu, kwa kuwa namba ya kwenye kijitabu cha mtengenezaji ni ya hali bora kabisa, na wekeni akiba. Chini ya mara 30 msitoe majibu kuhusu jeni za usugu.

Mashine zinazosoma vipande vifupi, kama za Illumina, husoma kila herufi kwa usahihi mkubwa, lakini vipande hivyo hushindwa kuunganisha plasmidi, yaani vile viduara vya DNA vinavyobeba jeni za usugu na kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa spishi tofauti. Mashine za vipande virefu, kama MinION ya Oxford Nanopore, huiona plasmidi nzima na ni rahisi kuzipeleka hospitali za mbali, na kemia yake ya sasa imepunguza sana makosa ya herufi. Kama mnacho kimoja tu, tumieni mlicho nacho na mjue kinachowapita. Kama mnavyo vyote viwili, vimelea vichache vya mlipuko visomwe kwa njia zote mbili.

Katika kila mkupuo wekeni kimelea kinachojulikana, kwa mfano Klebsiella ATCC BAA-1705 ambayo ina jeni ya usugu ya KPC, na mrija mmoja usio na kimelea uliopitia hatua zote tangu utoaji wa DNA. Mrija huo ukionekana kuwa na jeni za usugu, mkupuo mzima una uchafu na hautolewi majibu, hata kama wodi inapiga simu kila saa.

Hatua ya 6: Uchambuzi

Anzeni na ubora. Jenomu iliyounganishwa ya Klebsiella inapaswa kuwa na herufi kati ya milioni 5 na 6 na zaidi kidogo, huku herufi za G na C zikiwa karibu asilimia 57. Ikizidi sana hapo, huenda mmesoma bakteria wawili waliochanganyika kwenye sahani, na jibu sahihi ni kurudi mezani kuotesha upya. Thibitisheni spishi kwa jenomu yenyewe, kwa sababu vipimo vya kawaida vya meza huchanganya baadhi ya jamaa wa karibu.

Kisha tafuteni jeni za usugu. Programu za ResFinder ya Denmark na AMRFinderPlus ya Marekani na kanzidata ya CARD ya Canada zote hutumika bila malipo. Kleborate inafaa kwa Klebsiella, na Pathogenwatch huwasaidia wasio na kompyuta kubwa, mradi intaneti ipo. Chagueni moja kuwa ya kawaida yenu, andikeni toleo lake na tarehe ya kanzidata kwenye kila ripoti, na msibadilishe katikati ya wimbi bila kurudia vimelea vya zamani. Majina mtakayokutana nayo mara nyingi ni CTX-M-15, inayovunja antibayotiki ya seftriaksoni. NDM, OXA-48 na KPC, zinazovunja kabapenemu. OXA-23 katika Acinetobacter. MecA katika Staphylococcus. Na mcr, ambayo ikiwa kwenye plasmidi hudhoofisha antibayotiki ya kolistini.

Linganisheni kila jibu la jeni na sahani ya usikivu. Jeni ikionekana lakini dawa ikaua kimelea, huenda jeni hiyo haifanyi kazi au imekatika. Kimelea kikiwa sugu bila jeni inayojulikana, huenda kimefunga matundu ya ukuta wake au kinaisukuma dawa nje, kama Pseudomonas inavyofanya mara kwa mara. Kwa sababu hiyo jenomu isitumike kutangaza kwamba dawa fulani itamfaa mgonjwa fulani. Sahani ya usikivu ndiyo yenye neno hilo.

Mwisho pimeni ujamaa wa vimelea kwa kuhesabu tofauti za herufi kati yao. Kwa Klebsiella, wataalamu wengi huanza kushuku maambukizi ya hospitalini tofauti zikiwa karibu 20 au chini, lakini hicho ni kigezo cha kuanzia uchunguzi, na mgonjwa aliyekaa miezi na kimelea huweza kukivuka. Tarehe za kulazwa na vitanda walivyolala wagonjwa zina uzito sawa na hesabu hiyo.

Hatua ya 7: Tafsiri mkiwa pamoja na watu wa wodi

Mchambuzi aliyekaa mbele ya kompyuta haijui wodi. Muuguzi kiongozi anajua kwamba kitanda cha tatu na cha tisa vilitumia mashine moja ya kuvuta makohozi kwa wiki mbili. Waiteni, keti nao, na mtazame mti wa ujamaa wa vimelea (mchoro unaoonyesha vilivyo ndugu) pamoja na ratiba ya vitanda. Mara nyingi mtakuta mojawapo ya picha hizi.

Vimelea vikiwa ndugu wa karibu sana, kuna njia ya kusambaa ndani ya wodi. Tafuteni mikono, glavu zinazovaliwa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, mirija, masinki na mashine za kupumulia. Wakati wa UVIKO-19 glavu na magauni yaliyomlinda mhudumu dhidi ya virusi yaliweza kuhamisha bakteria kutoka kitanda hadi kitanda, kwa kuwa hayakubadilishwa. Hapa kuongeza antibayotiki hakusaidii chochote.

Vimelea vikiwa vya nasaba tofauti, hata spishi tofauti, lakini vina plasmidi ileile yenye NDM, basi kinachosafiri ni jeni. Mti wa kawaida hautaonyesha jambo hili, na timu nyingi hulikosa. Chunguzeni masinki na mifereji, na punguzeni kabapenemu, kwa sababu kila dozi yake inaipa plasmidi hiyo nafasi.

Vimelea visipohusiana kwa lolote, wagonjwa wanakuja navyo kutoka nyumbani au hospitali nyingine. Sababu itafutwe kwenye rufaa, na kwenye maduka ya dawa yanayouza azithromaisini kwa kila mwenye kikohozi. Dawa hiyo, tuikumbuke, ilijaribiwa kwa uangalifu katika jaribio la RECOVERY nchini Uingereza na haikuwasaidia wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa.

Thamani ya kazi hii ilionekana wazi mwaka 2011 katika hospitali ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambako Klebsiella yenye KPC iliwapata wagonjwa 18, na 6 wakafa kwa maambukizi hayo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshatoka wiki tatu kabla ya wa pili kugundulika, na watu wangeweza kuamini kwamba hawahusiani. Jenomu ilionyesha kwamba wanahusiana, na kwamba kimelea kilikuwa kimepita kimyakimya kwa wagonjwa wasio na dalili. Kutokana na hilo hospitali ilijua kwamba inapaswa kuwapima wasio na dalili.

Hatua ya 8: Andikeni ripoti ya ukurasa mmoja, na iishie na uamuzi

Ripoti yenye majina ya jeni arobaini haisomwi wodini. Huu ni mfano wa kubuni wa maneno yanayofaa: «Katika wiki tatu zilizopita, vimelea 7 vya Acinetobacter kutoka chumba cha wagonjwa mahututi vimesomwa. Vimelea 6 ni vya mnyororo mmoja na vina OXA-23. Meropenemu haifanyi kazi dhidi yavyo. Vimelea vya damu kutoka wodi za kawaida havina mnyororo huo. Tunashauri: wodi za kawaida zisibadili dawa ya kwanza, chumba cha wagonjwa mahututi kitenge vitanda vinne, kisafishe mirija ya mashine za kupumulia, na meropenemu isianzishwe bila ridhaa ya mfamasia wa zamu.»

Angalieni kwamba ripoti hiyo inawazuia watu wa wodi za kawaida wasiogope. Wakati wa janga, kuzuia hofu ya namna hiyo kunaokoa antibayotiki nyingi kuliko katazo lolote, kwa sababu wagonjwa wengi wako kwenye wodi za kawaida.

Kamati ya dawa na tiba ikutane kila wiki wakati wimbi liko juu, na ripoti hii iwe ajenda ya kwanza. Iamue mambo yanayoweza kupimwa: dawa gani ibaki kuwa ya kwanza kwa nimonia iliyothibitishwa, dawa gani ihamishiwe kwenye akiba kwa kufuata mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa dawa za kawaida, za kuangaliwa na za akiba, na kwamba kila antibayotiki iliyoanzishwa kwa kushuku ipitiwe baada ya saa 48 hadi 72. Mgonjwa ambaye kipimo cha virusi ni chanya, damu haikuotesha kitu, na hali yake haiashirii bakteria, aachishwe. Mfamasia apewe mamlaka ya kuuliza bila kuonekana mkorofi. Kila mwezi linganisheni dozi zilizotumika na wagonjwa waliolazwa. Kama matumizi hayakushuka, rudini kuuliza kama ripoti zinawafikia wanaoandika cheti, maana mara nyingi huishia kwenye barua pepe ya mkurugenzi.

Hatua ya 9: Njia za ziada kwa wenye uwezo

Inawezekana kusoma DNA yote iliyomo kwenye majimaji ya mapafu bila kuotesha kwanza. Hospitali ya St Thomas' ya London ilifanya hivyo kwa wagonjwa mahututi wakati wa UVIKO-19 na kupata majibu siku hiyohiyo. Ni njia nzuri, lakini inahitaji kuondoa DNA ya binadamu, ambayo hufunika kila kitu, na inahitaji wataalamu wa kutofautisha bakteria wanaougua nao mgonjwa na wale wanaoishi mdomoni mwake. Maabara isiyo na uoteshaji imara isianzie hapa.

Maji taka ni rahisi zaidi. Chupa zilezile zinazochukuliwa kufuatilia virusi zinaweza kutumika kutafuta jeni za usugu, na kwa kuwa ni za watu wengi kwa pamoja, hazigusi siri ya mtu yeyote. Zichukueni mahali pamoja na saa ileile kila wiki, na bomba la hospitali litenganishwe na la mtaa.

Hatua ya 10: Vibali, siri za wagonjwa na kushirikiana

Vibali viombwe wakati wa utulivu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya mwaka 2019. Zote zinahusu taarifa za afya. Kabla ya kuweka data kwenye hifadhi za kimataifa, ondoeni vipande vyote vya DNA ya binadamu, andikeni mwezi badala ya siku ya kulazwa, na mkoa badala ya kijiji. Makubaliano na maabara ya nje yaeleze nani ataandika matokeo na nani atayaona kwanza. Hospitali iliyotoa kimelea ipate jibu lake kabla ya jarida lolote. Jenomu za virusi huwekwa katika hifadhi ya kimataifa ya GISAID, na za bakteria huwekwa katika hifadhi za Ulaya au Marekani zinazobadilishana taarifa. Matokeo ya usikivu yapelekwe wizarani ili yaingie katika GLASS, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usugu, pamoja na yale ya mifugo kama maabara ya mifugo iko karibu, kwa kuwa plasmidi za mcr ziligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini China katika nguruwe, nyama na wagonjwa kwa pamoja, zikatangazwa mwaka 2015.

Wimbi likishuka, chukueni vimelea vya fungu la ufuatiliaji vilivyosalia kwenye friza, visomeni kwa bei ya utulivu, na rekebisheni mwongozo wa tiba wa hospitali kwa matokeo hayo. Vitendanishi vinavyokaribia kuisha muda vitumike kuwafundisha wataalamu wawili zaidi, mmoja kutoka maabara na mmoja kutoka famasi. Orodha ya vitendanishi, kanuni ya kuchagua vimelea na mfano wa ripoti viwekwe katika jalada moja, lipitiwe kila baada ya miezi sita, na nakala yake ikabidhiwe muuguzi kiongozi wa chumba cha wagonjwa mahututi.